Franco, Tabu Ley au Mbaraka Mwinshehe: nani apewe nafasi kubwa kwenye rafu yako ya santuri?

Mtu yeyote mwenye santuri nyumbani, hata kama hazizidi hamsini, akizipanga kwa majina ya wasanii atakuta kwamba mmoja au wawili wamejitwalia nusu ya rafu na wengine wote wamebanana katika nusu iliyosalia. Kwa wapenzi wa muziki wa dansi wa Afrika Mashariki na Kongo, majina yanayotawala rafu kwa namna hiyo mara nyingi ni matatu: Franco Luambo Makiadi na T.P. (Tout Puissant, yaani "yenye nguvu zote") OK Jazz, Tabu Ley Rochereau na Afrisa, na Mbaraka Mwinshehe Mwaruka akiwa na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya anayeanza kukusanya, au aliyekwisha kuanza na sasa anaona fedha na nafasi havimtoshi kuwafuata wote watatu, ili aweze kuamua ni yupi wa kununuliwa kwa kina na ni yupi wa kuwekewa santuri chache zilizochaguliwa kwa makini. Mabishano ya nani alikuwa mkubwa kuliko mwenzake nayaacha vibarazani, ambako yamedumu kwa miongo kadhaa na hayana dalili ya kwisha. Swali langu ni la kinyumbani zaidi, nalo ni jinsi kazi za kila mmoja zinavyokaa na mtu anayezinunua, kuzihifadhi na kuzisikiliza mwaka baada ya mwaka.

Tuanze na wingi, kwa kuwa ndio unaowatega watu wengi. Franco alizaliwa Sona-Bata mwaka 1938, akaanza kurekodi akiwa kijana mdogo katika studio ya Loningisa mjini Léopoldville (Kinshasa ya leo), akawa miongoni mwa waasisi wa OK Jazz mwezi Juni 1956, na akaiongoza bendi hiyo hadi alipofariki nchini Ubelgiji mwezi Oktoba 1989. Kwa zaidi ya miaka 30 bendi haikupumzika, na nyimbo zilizotoka chini ya jina lake kwa kawaida huhesabiwa kuwa zaidi ya elfu moja. Mnunuzi anapaswa kuielewa maana ya idadi hiyo kabla hajatoa shilingi ya kwanza: hakuna atakayemmaliza Franco. Kila ukidhani umefika mwisho, inajitokeza santuri ya inchi 7 ambayo hukuwahi hata kuisikia ikitajwa, na ukiwa mtu wa kutotulia mpaka seti ikamilike, Franco atakukosesha usingizi.

Hata hivyo wingi huo hauchoshi, na sababu yake ni kwamba OK Jazz ilikuwa zaidi ya mtu mmoja. Vicky Longomba, Verckys Kiamuangana, Simaro Lutumba, Sam Mangwana, Ndombe Opetum, Josky Kiambukuta na Madilu System wote walipitia humo, kila mmoja na utunzi wake au sauti yake, kwa hiyo santuri yenye picha ya Franco kwenye jalada inaweza kuwa na wimbo bora kuliko zote ambao yeye hakuutunga wala kuuimba. Mfano ulio wazi ni "Mabele" wa mwaka 1974, ambao ulitungwa na Simaro na kuimbwa na Mangwana. Kwa mtazamo huo, anayemjazia Franco rafu anakuwa amenunua watunzi sita au saba kwa mkupuo, jambo ambalo si rahisi kulipata kwa kiongozi mwingine wa bendi katika ukanda huu.

Wingi wa Tabu Ley nao hausemeki, lakini umegawanyika vizuri zaidi, na huo ndio upekee wake kwa mkusanyaji. Aliingia katika muziki kupitia African Jazz ya Joseph Kabasele, kisha mwaka 1963 yeye na mpiga gita Nico Kasanda, maarufu kama Dr. Nico, wakaondoka na kuunda African Fiesta. Mwaka 1965 wawili hao nao wakatengana, Nico akiwa na African Fiesta Sukisa na Rochereau akiwa na African Fiesta National, bendi ambayo hatimaye ilizaa Afrisa. Mwezi Desemba 1970 alipanda jukwaa la ukumbi wa Olympia jijini Paris, na aliporudi muziki wake ulikuwa umeshaanza kubeba mambo mapya ya jukwaani na ya vyombo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akamleta mwimbaji wa kike Mbilia Bel, na sauti ya bendi ikageuka tena. Vipindi hivi vitatu vinatofautiana kiasi kwamba mtu anaweza kukipenda kimoja na kutovutiwa kabisa na vingine viwili, na hakuna ubaya. Gita la Dr. Nico likiitikiana na sauti changa ya Rochereau katika miaka ya 1963 hadi 1965 ni ulimwengu mmoja. Mbilia Bel akiimba "Nakei Nairobi" huku magita yamepangana nyuma yake ni ulimwengu mwingine. Kwa hiyo Tabu Ley unaweza kumnunua kipindi kwa kipindi, ukaridhika na kimoja, na usijione umeacha kitu katikati.

Mbaraka Mwinshehe yuko peke yake katika jambo hili. Alizaliwa mwaka 1944 wilayani Kisarawe, akajiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akaiacha mwaka 1973 ili kuunda Super Volcano, na akafariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979 akiwa na umri wa miaka 34. Maisha yake ya kurekodi hayakufika miaka 15. Ni msanii pekee kati ya hawa watatu ambaye mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuwa na matumaini ya kumkusanya karibu wote, na matumaini ya namna hiyo hubadilisha jinsi mtu anavyonunua. Anajua anachokitafuta, anajua kinachokosekana, na kila anachokipata kinaziba pengo analolijua.

Jambo la pili, ambalo wauzaji hawalisemi, ni umbo la wimbo ndani ya santuri. Ukiishika santuri ya inchi 7 ya miaka ya 1970, utaona mara nyingi kwamba jina la wimbo limeandikwa pande zote mbili, upande mmoja likiwa na namba 1 na mwingine namba 2. Upande wa kwanza hubeba beti, pole pole, waimbaji wakipokezana. Ukifika dakika ya tatu au ya nne, pale ambapo gita la solo linaanza kuuvuta wimbo uchemke, sauti inafifia na sindano inakimbilia katikati. Unasimama, unaigeuza santuri, unaipangusa vumbi kwa kitambaa laini, unaishusha tena sindano, na sebene, ile sehemu ya magita ya kuchezea, linakupokea likiwa tayari limeshika moto. Wapo wanaoudhika na kukatizwa huko. Mimi nimeishia kukupenda, kwa kuwa humlazimisha msikilizaji kuwa macho, lakini asiyetaka kuinuka kitini kila baada ya dakika nne asijenge mkusanyiko wake juu ya santuri ndogo.

Hapo ndipo Mbaraka na Franco wa baadaye wanapoachana kabisa. Sehemu kubwa ya kazi ya Mbaraka ilizaliwa kwa ajili ya santuri ndogo, na hata ikikusanywa katika santuri ndefu bado unasikia kwamba kila wimbo umepimwa kwa urefu wa upande wa inchi 7. Franco, kwa upande wake, katika miaka ya 1980 alizitumia santuri za inchi 12 kuurefusha wimbo hadi ujaze karibu upande mzima. "Mario" wa mwaka 1985, simulizi la kijana msomi anayelelewa na mwanamke mtu mzima mwenye fedha, na "Attention na SIDA" (Jihadhari na UKIMWI) wa mwaka 1987 haviwezi kukatwa vipande bila kuharibiwa, kwa sababu mazungumzo ndiyo uti wa mgongo wake, naye Franco huyajenga taratibu, akirudia lawama moja kwa njia tofauti mpaka msikilizaji ahisi kwamba yuko ukumbini kwenye kikao cha ukoo. Santuri za Tabu Ley na Mbilia Bel za wakati huo huo ziko katikati, kwa kuwa zina nyimbo chache zenye nafasi ya kutosha ya kuimba na kucheza, bila kumtaka mtu akae kimya robo saa.

Suala la lugha linanifanya nisikubaliane na ushauri unaotolewa mara kwa mara kwamba kila mkusanyaji aanze na Franco. Franco aliimba zaidi kwa Kilingala, na kadiri umri wake ulivyosonga ndivyo alivyozidi kuzungumza ndani ya wimbo. Msikilizaji wa Goma au Bukavu, ambaye Kiswahili na Kilingala huenda vyote viko kinywani mwake, anapata utamu wote. Msikilizaji wa Tanga, Kisumu au Muscat asiyejua Kilingala anapata gita, mpangilio wa saksofoni na hisia ya sauti, lakini kejeli, mafumbo na masengenyo vinampita, na katika nyimbo za mwisho za Franco hivyo ndivyo vilivyobeba mzigo. Mwaka 1978 serikali ya Mobutu, rais wa Zaire kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilimfunga kwa sababu ya nyimbo zilizoonekana kuvuka mpaka wa adabu, tukio linaloonyesha jinsi maneno yake yalivyosikilizwa kwa makini nyumbani kwake. Tabu Ley naye aliimba Kilingala, ila kwake pengo hilo halionekani sana, kwa sababu sauti yake, ile sauti nyepesi ya juu isiyotumia nguvu, inajitosheleza. "Mokolo Nakokufa", wimbo wake wa katikati ya miaka ya 1960 unaotafakari siku ya kufa, humgusa hata asiyeelewa neno moja, ingawa akitafsiriwa atauheshimu zaidi.

Kwa Mbaraka hakuna pazia la namna hiyo. "Shida", wimbo wake uliovuma kuliko mwingine wowote, "Jogoo la Shamba", "Expo 70" uliotokana na safari ya Morogoro Jazz kwenda kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka nchini Japani, na "Dr. Kleruu" wa kumwomboleza mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa Desemba 1971, vyote vinamfikia Mswahili moja kwa moja, na kila kimoja kinafungua dirisha la nchi katika mwaka fulani. Sijui msanii mwingine wa dansi ambaye rafu yake, ikipangwa kwa miaka, inasomeka karibu kama kumbukumbu za taifa changa, pamoja na mapenzi yake, misiba yake na majigambo yake. Mtu anayependa maneno kuliko kitu kingine chochote anaweza kusema kwamba basi na ahamie kwenye taarabu, kwa Zein l'Abdin na Juma Bhalo wa Mombasa, na sitampinga. Lakini kama moyo wake uko kwenye magita, Mbaraka ndiye aliyeviweka vyote viwili mahali pamoja. Mpiga gita huyo alikuwa mwimbaji, na alipokuwa akiimba gita lake lilikuwa likimjibu, si kumsindikiza tu.

Sasa upatikanaji, mahali ambapo mambo yanageuka na anayependwa kwa urahisi si lazima awe anayepatikana kwa urahisi. Tanzania ya miaka ya 1960 na 1970 haikuwa na kiwanda cha kutengenezea santuri. Bendi zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikabaki kwenye maktaba ya redio, na bendi iliyotaka santuri ilibidi itazame Nairobi, ambako kulikuwa na studio, kiwanda na kampuni. Mbaraka alirekodi huko, na ndiyo maana santuri zake nyingi unazoziona leo zimetengenezwa Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka ukafungwa, hali iliyoendelea hadi mwaka 1983, na miaka hiyo ikafanya biashara ya muziki kati ya nchi hizi mbili kuwa ngumu. Baada ya kifo chake, Polygram ya Kenya ilitoa mfululizo wa santuri ndefu ulioitwa Ukumbusho, ukiwa na namba kwa kila toleo, na kwa mnunuzi wa leo huo ndio mlango mkuu wa kuingilia. Tatizo ni hali yake. Hizi zilikuwa santuri za kuchezwa, na zilichezwa kwelikweli, katika baa, katika harusi, juu ya mashine zenye sindano nzito zilizokwisha kulika. Jalada likiwa zima, mara nyingi ndani mna mikwaruzo. Sahani ikiwa nzima, jalada limeliwa na mchwa au limevimba kwa unyevunyevu wa pwani.

Franco ni kinyume chake. Santuri zake zilitengenezwa Kinshasa, Nairobi, Ufaransa na Ubelgiji, zikauzwa kuanzia Abidjan hadi Lusaka, na kwa hiyo nakala ni nyingi na ubora unatofautiana sana kutegemea zilikotengenezwa. Zile za Ufaransa zenye nembo ya African, zilizosambazwa na Sonodisc, kwa uzoefu wangu zina sauti tulivu na jalada gumu, nazo bado zinapatikana kwa wauzaji wa Ulaya bila kuumiza mfuko. Kwa anayetaka muhtasari ulioandaliwa vizuri, kampuni ya Sterns ya London ilitoa seti mbili za CD ziitwazo Francophonic, ya kwanza mwaka 2008 ikifika hadi mwaka 1980 na ya pili mwaka 2009 ikishughulikia miaka ya mwisho. Kampuni hiyo hiyo ilimtendea Tabu Ley haki kwa seti mbili za The Voice of Lightness, mwaka 2007 na 2010. Mbaraka hajapata kitu cha kiwango hicho, na hiyo ni dosari ya wenye haki na wenye mitaji, ambayo mkusanyaji anailipia kwa jasho lake.

Wale wanaochakura wenyewe, iwe kwenye vibanda vya Kenyatta Market jijini Nairobi au kwenye minada ya mtandaoni, watasaidiwa na jina lililochapwa katikati ya sahani kuliko na jalada, ambalo huenda si la santuri hiyo. Kwa Mbaraka, likiwapo jina la Morogoro Jazz unashika kazi ya kabla ya mwaka 1973, na likiwapo la Super Volcano unashika ya baadaye. Kwa Tabu Ley, jina la Rochereau likiwa peke yake kwa kawaida linaonyesha kazi ya kabla ya sera ya Mobutu ya kurejea majina ya Kiafrika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa Franco, herufi T.P. mbele ya OK Jazz hukuondolea shaka kwamba santuri hiyo si ya miaka ya mwanzo, ila jihadhari na mikusanyiko iliyotolewa baadaye, ambayo hubandika jina jipya juu ya nyimbo za zamani. Ukishalisoma jina, iinamishe sahani chini ya mwanga wa taa: mikwaruzo myepesi inayoonekana kama nywele haina madhara makubwa, lakini weupe wa kijivujivu ndani ya mifereji maana yake sindano imeshaila sauti, na hakuna kuosha kutakakoirudisha.

Kwa hesabu hiyo yote, ushauri wangu kwa msomaji wa Kiswahili asiyejua Kilingala ni kumpa Mbaraka kina na kuwapa wale wawili nafasi yenye mpaka. Kwa Tabu Ley achague kipindi kimoja. Ningependekeza ama African Fiesta ya pamoja na Nico, ama miaka ya Mbilia Bel, na aache cha katikati mpaka sikio lake limwambie vingine. Kwa Franco, santuri nane hadi kumi zinatosha kumheshimu bila kumezwa: moja ya miaka ya 1950 au 1960, mbili au tatu za miaka ya Simaro na Mangwana, "Mario", santuri ya mwaka 1984 yenye "Très Impoli", na mojawapo ya zile za mwaka 1983 alizorekodi pamoja na Tabu Ley mwenyewe, ambazo zina faida ya kumweka mpinzani na mpinzani kwenye sahani moja.

Ushauri huo nabadilisha kwa watu wa aina mbili. Anayejifunza gita, au anayesikiliza kwa ajili ya kuelewa jinsi magita matatu yanavyogawana kazi bila kukanyagana, ampe Franco rafu nzima na asione haya, kwa kuwa mabadiliko ya OK Jazz kutoka mwongo hadi mwongo ni chuo ambacho santuri kumi haziwezi kukiwakilisha. Na anayetaka magita ya Kongo lakini kwa Kiswahili huenda hawahitaji sana hawa watatu; bendi za Kikongo zilizopiga kambi Nairobi, kama Super Mazembe na Orchestra Virunga ya Samba Mapangala, zilimpikia yeye hasa, na santuri zake bado zinazunguka Kenya kwa wingi wa kuridhisha.

Aliyeamua kumfuata Mbaraka aanze na matoleo mawili ya Ukumbusho, yoyote yale mradi sahani zake ni safi, ayasikilize mpaka ajue ni nyimbo zipi za Morogoro Jazz na zipi za Super Volcano, kisha ndipo aanze kutafuta santuri ndogo za asili za nyimbo alizozipenda, moja moja. Akikuta "Shida" katika hali nzuri asingoje ya bei nafuu zaidi. Na akikuta nakala iliyochakaa ya wimbo asioujua, wenye jina la Morogoro Jazz katikati, ainunue hivyo hivyo, kwani kwa msanii huyu nakala mbovu iliyo mkononi ina thamani kuliko kanda iliyofungiwa kwenye maktaba.